MAABARA SI KUTA NNE

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Tangini, Kibaha



Mji wa Kibaha umebahatika kuwa na nyumba za sayansi nyingi kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Kutoka Tangini hadi Tumbi si mwendo wa siku, lakini ndani ya mji huo mmoja mna kituo cha utafiti wa miwa, taasisi ya kutengeneza chanjo za mifugo, kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, na shule za sekondari, mpya na za zamani. Kwa hiyo, swali la namna ya kujenga maabara si jambo la mbali kwa mwananchi wa hapa. Ni swali la fedha yake, la afya yake na la mtihani wa mwanawe.

Swali lenyewe ni hili. Kwa nini maabara hugharimu kuliko darasa la ukubwa ule ule? Na kwa nini baadhi ya maabara, baada ya kugharimiwa kwa jasho la wananchi, hubaki zimefungwa kwa kufuli au hugeuzwa stoo ya madawati? Jibu lipo katika mambo mawili ambayo hayana budi kuelezwa pamoja: nafuu ipatikanayo kwa kutengeneza au kujenga kwa wingi, na ugumu wa kihandisi wa nyumba yenyewe.

SUFURIA LA SHUGHULI

Nafuu ya wingi haihitaji kitabu cha uchumi ili ieleweke. Kila aliyehudhuria harusi au hitima katika Mkoa wa Pwani ameiona jikoni. Wageni mia tano hawapikiwi katika sufuria mia moja ndogo ndogo. Hupikiwa katika masufuria machache makubwa, kwa sababu kuni, wapishi na muda haviongezeki sawasawa na idadi ya walaji.

Walimu wa hesabu watakumbuka sababu yake. Sufuria likiongezwa upana mara mbili na kimo mara mbili, bati lake huongezeka mara nne, lakini ujazo wake huongezeka mara nane. Kila kilo ya wali, basi, hubeba nusu tu ya gharama ya bati iliyokuwa ikibeba mwanzo. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala matangi ya viwanda, mabomba ya maji na maghala.

Lakini mpishi mzoefu anajua pia upande wa pili. Sufuria likiwa kubwa mno, chini huungua na katikati hubaki pabichi, kwa kuwa moto unapita kwenye bati, na bati halikuongezeka sawa na chakula. Kosa la chumvi haliharibu tena sahani moja, huharibu shughuli nzima. Na wakija wageni ishirini badala ya mia tano, sufuria kubwa si nafuu tena, ni hasara. Mambo hayo matatu, yaani ugumu wa kudhibiti, ukubwa wa kosa, na uchache wa walaji, ndiyo mipaka ya nafuu ya wingi. Yafaa yakumbukwe katika yote yatakayofuata.

GHARAMA ISIYOONEKANA

Darasa ni kuta, paa, madirisha na ubao. Maabara ni hayo yote, pamoja na mambo ambayo mgeni rasmi haonyeshwi siku ya uzinduzi: hewa, maji, moto, umeme na njia ya kutolea uchafu. Sehemu kubwa ya fedha imo katika hayo.

Ichukuliwe hewa kwanza. Katika maabara ya kemia kali huhitajika kabati maalumu linalovuta mivuke ya sumu na kuitupa juu ya paa. Kabati lenye mdomo wa upana wa mita 1.5 na uwazi wa nusu mita, hewa ikivutwa kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, hutoa nje zaidi ya mita za ujazo 1,300 kwa saa. Chumba cha mita 12 kwa 8, chenye dari ya mita 3, kina mita za ujazo 288 tu. Maana yake ni kwamba kabati hilo moja huitupa hewa ya chumba kizima karibu mara tano kila saa. Ofisini hewa iliyopozwa huzungushwa humo humo. Katika maabara ya namna hiyo hairudi, hutupwa, na hewa nyingine yenye joto na unyevu wa pwani huingia na kudai ipozwe upya. Ndiyo sababu mhandisi wa maabara aghalabu hupoteza usingizi kwa ajili ya mifereji ya hewa kuliko kwa ajili ya nguzo.

Pili ni mtetemo. Barabara ya Morogoro hupitisha malori mazito usiku na mchana. Mizani inayopima sehemu ya elfu ya gramu, na hadubini yenye nguvu, haviwezi kufanya kazi juu ya meza inayotikisika. Kwa hiyo vyombo hivyo huwekwa chini, juu ya sakafu iliyokaa ardhini, mbali na barabara na mbali na jenereta. Jambo hilo huamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa. Baada ya hapo hakuna rangi wala pazia litakalolirekebisha.

Tatu ni maji machafu. Asidi ikimwagwa katika bomba la kawaida la chuma hulila, na ikiingia katika karo huwaua wadudu wadogo wanaoozesha uchafu. Hivyo, bomba la maabara huwa la aina isiyoliwa na asidi, na kabla ya karo huwekwa shimo la kupunguza ukali, aghalabu kwa mawe ya chokaa.

Mambo haya yamewahi kuwashinda hata mabingwa. Mbunifu Louis Kahn wa Marekani alijenga maabara za tiba katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, karibu na mwaka 1960. Jengo lilisifiwa ulimwenguni, lakini wanasayansi waliokaa ndani walilalamikia jua na msongamano, wengine wakabandika karatasi za bati madirishani. Alipojenga Taasisi ya Salk huko California, iliyokamilika mwaka 1965, alijifunza kutokana na hayo: juu ya kila ghorofa ya maabara aliweka ghorofa nzima ya mabomba na mifereji, yenye kimo cha kutosha fundi kusimama, ili matengenezo yafanyike bila kuwasumbua watafiti walio chini. Funzo lake halikuwa la umaridadi. Lilikuwa kwamba maabara hujengwa kuanzia kwenye bomba.

Sasa mantiki ya nafuu ya wingi inajitokeza. Tangi la maji, shimo la asidi, jenereta na chumba cha mitungi ya gesi huhitajika iwe maabara ni moja au ni tatu. Maabara tatu zikitumia vitu hivyo kwa pamoja, kila moja hubeba theluthi ya gharama. Zikitawanywa, kila moja hubeba gharama yote. Au, kama inavyotokea mara nyingi fedha zinapopungua, kila moja hukosa.

SHULE ZA KATA

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa maelfu ya shule za kata. Milango ilifunguliwa kwa watoto ambao wasingeiona sekondari kamwe. Lakini nyingi zilianza bila maabara. Kwa miaka mingi watahiniwa wa shule za namna hiyo walifanya mtihani mbadala wa vitendo, yaani mwanafunzi alieleza kwa kalamu kazi ambayo hakupata kuifanya kwa mikono yake. Alijua kwa kukariri kwamba rangi hubadilika, lakini hakuwahi kuiona ikibadilika.

Novemba 2012, mkoani Singida, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, katika muda wa miaka miwili. Muda huo baadaye ulisogezwa hadi Juni 2015. Halmashauri zilihangaika, wananchi walichangishwa, matofali yalifyatuliwa usiku na mchana. Haipasi kubeza kazi ile, kwa sababu kuta nyingi zilisimama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Hata hivyo, agizo lenye tarehe hupimwa kwa kinachoonekana tarehe ile ikifika, na kinachoonekana ni kuta na bati. Bomba halionekani, shimo la asidi halionekani, fundi sanifu wa maabara haonekani. Hapo ndipo kosa linapoweza kuingia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya: fedha huisha kwenye lenta, na kile kinachokifanya chumba kiitwe maabara huahirishwa.

Hesabu ndogo itaonyesha. Maabara tatu za mita 12 kwa 8, kila moja ikisimama peke yake, zinahitaji mita 120 za ukuta. Zikiunganishwa kwa safu, upande mfupi kwa upande mfupi, zinahitaji mita 104. Zikiunganishwa kwa upande mrefu zinahitaji mita 96 tu. Mtu wa mahesabu angeamua mara moja kwamba njia ya tatu ndiyo bora. Lakini mhandisi angemzuia. Katika njia hiyo, chumba cha katikati hupoteza kuta zake ndefu, na nafasi ya madirisha hupungua kutoka mita 24 hadi 16. Mwanafunzi wa katikati huwa mita 6 kutoka dirishani badala ya 4, katika joto la pwani, na mvuke wa kemia puani. Mita 8 za ukuta zilizookolewa zimelipwa kwa hewa ya watoto.

Njia ya safu, basi, ndiyo yenye busara, na pande ndefu zielekezwe kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisipige madirishani. Nafuu yake kubwa haimo katika matofali. Imo katika tangi moja, chumba cha maandalizi kinachohudumia maabara mbili, shimo moja, na kizimba kimoja cha mitungi ya gesi kilichojengwa nje, chenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni.

Maji nayo yana hesabu yake. Safu ile ina paa la mita za mraba 288. Mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, paa hilo hupokea zaidi ya lita 250,000. Hata robo ikipotea, hubaki lita zipatazo 190,000. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akitumia lita 5 kwa kipindi, huhitaji lita 200. Hivyo mvua ya paa lenyewe yatosha vipindi zaidi ya 900 kwa mwaka. Linalokosekana si mvua, ni tangi la kuitunza hadi ivuke kiangazi cha Juni hadi Septemba, na mnara wa kulipandisha, kwa kuwa tangi lililo mita 3 tu juu ya bomba hutoa msukumo dhaifu.

Hapa yapo mambo ambayo nchi nzima inaweza kunufaika kwa wingi. Ramani moja iliyochorwa vizuri na kutumika shule elfu moja hugharimu kila shule kiasi kidogo sana. Kadhalika masinki, mabomba na meza vikiagizwa kwa pamoja. Lakini chumvi ikizidi katika sufuria la shughuli, shughuli nzima huharibika: kosa katika ramani ya taifa hujengwa mara elfu. Kwa sababu hiyo ramani haina budi kujaribiwa katika shule chache, walimu waitumie mwaka mmoja, waikosoe, ndipo isambazwe. Na yale ya mahali, kama mwelekeo wa jua na ukubwa wa madirisha, yaachiwe mhandisi wa halmashauri. Kibaha si Makete.

KIWANDA CHA VIUADUDU

Upande mwingine wa hesabu unaonekana katika kiwanda cha viuadudu kilichopo hapa Kibaha. Kilijengwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa kwa utaalamu wa Labiofam ya Cuba, na kilizinduliwa mwaka 2015. Uwezo wake ni lita milioni 6 kwa mwaka.

Dawa yake si sumu ya kawaida. Ni bakteria wanaokuzwa, ambao hubeba chembe za protini. Kiluwiluwi cha mbu kikizila, utumbo wake huharibika na kikafa. Kazi huanza na mbegu ndogo katika chupa ya maabara, ikahamishiwa katika chombo kikubwa zaidi, kisha kikubwa zaidi, hadi tangi la maelfu ya lita. Njia hii ya matangi ilipata umaarufu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wanasayansi wa Oxford walikuwa wakikuza penisilini katika vyombo vidogo vya udongo vilivyopangwa kwa mamia. Mwaka 1944 kampuni ya Pfizer, mjini Brooklyn, iliikuza katika matangi marefu ya chuma, na dawa iliyokuwa adimu ikawafikia askari wengi.

Mipaka mitatu ya sufuria ipo hapa pia. Bakteria wanapokua hutoa joto, na tangi kubwa lina chuma kidogo cha kulitoa kwa kila lita, kwa hiyo hupozwa kwa maji yapitayo kwenye mabomba. Huhitaji hewa safi katikati, hivyo hewa husukumwa kupitia vichujio na kuchanganywa kwa mapanga. Mdudu mmoja mgeni akiingia katika mbegu ndogo asubuhi, tangi zima humwagwa. Ndiyo maana chumba cha mbegu hujengwa kwa uangalifu kuliko jengo lote: kuta laini zisizo na pembe za kukusanya vumbi, na hewa iliyochujwa inayosukuma kutoka ndani kwenda nje.

Lakini mpaka wa tatu, uchache wa walaji, hautatuliwi na mhandisi. Kwa hesabu ya mfano tu, isiyotoka katika vitabu vya kiwanda: jengo likidai shilingi milioni 600 kwa mwaka kwa ulinzi, matengenezo, umeme wa lazima na mishahara, basi kwa lita milioni 6 kila lita hubeba shilingi 100. Kwa lita 600,000 hubeba shilingi 1,000. Kwa lita 60,000 hubeba shilingi 10,000. Jengo ni lile lile, wataalamu ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi ya oda. Juni 2017 Rais John Magufuli alikitembelea kiwanda hicho na kuzitaka halmashauri zinunue dawa yake. Agizo hilo lilionyesha kiini cha jambo: bei ya dawa ya Kibaha huamuliwa pia katika bajeti za halmashauri za mbali, ambazo huenda hazijui kwamba kutonunua kwao kunampandishia bei anayenunua.

Taasisi ya chanjo za mifugo, nayo ya hapa Kibaha, inafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Hutengeneza chanjo za mdondo, kimeta na chambavu. Katika nyumba ya kazi kama hiyo mhandisi hupewa amri mbili zinazopingana. Chumba cha kujazia chupa kiwe na mgandamizo mkubwa wa hewa, ili vumbi la nje lisiingie. Chumba chenye vijidudu vya maradhi kiwe na mgandamizo mdogo, ili kilichomo kisitoke. Katikati huwekwa vyumba vya kupitia, na milango miwili isiyofunguka kwa pamoja. Umeme ukikatika kwa dakika chache mpangilio huo huvurugika, hivyo jenereta si anasa. Na gharama hiyo haipungui chanjo zikitengenezwa chache. Hata kijijini, chupa moja ya chanjo ya mdondo hutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja. Majirani wasipochanja siku moja, nusu ya dawa hutupwa. Nafuu ya wingi huanzia kwenye tangi la kiwanda na kuishia kwenye banda la kuku.

MFANO WA ZAMANI

Kibaha haikosi mfano wake yenyewe. Katika miaka ya 1960 nchi za Skandinavia pamoja na Ufini zilishirikiana na Serikali kujenga hapa mradi mmoja wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Tanzania, na ndio Shirika la Elimu Kibaha. Huduma tatu ziliwekwa mahali pamoja, chini ya uongozi mmoja. Zingeweza kugawanywa katika wilaya tatu, na kila wilaya ingefurahia uzinduzi wake. Ziliunganishwa, na baada ya zaidi ya nusu karne zipo na zinafanya kazi. Shule ya Sekondari Kibaha imetoa wanasayansi na madaktari wengi, na maabara zilizokuwa tayari kutumika ni sehemu ya sababu.

YANAYOPASA

Ndugu walimu na ndugu watumishi, kupanga ni kuchagua, na uchaguzi wenyewe ni mchungu. Halmashauri yenye fedha ya maabara tatu kamili na shule tatu zinazoziomba itashawishika kujenga vyumba tisa visivyokamilika, ili kila diwani apate chake. Matokeo yake ni kwamba hakuna mtoto hata mmoja atakayefanya jaribio. Bora zikamilike katika shule moja, watoto wa shule jirani wapangiwe siku zao, na mwaka unaofuata ifuate shule ya pili. Ni kweli kwamba watoto watatembea, na wazazi watanung'unika. Lakini kutembea kwenda kwenye maabara yenye maji ni bora kuliko kukaa karibu na maabara iliyofungwa.

Afisa mipango na aulize kabla ya tofali la kwanza: vipindi vingapi kwa wiki vitafanyika humu, maji yatatoka wapi, uchafu utakwenda wapi, nani atashika ufunguo? Mhandisi na achore bomba kabla ya ukuta. Mweka hazina na atenge kila mwaka fungu la matengenezo, hata kama ni dogo, kwa sababu koki ya shilingi chache ikiharibika huweza kuifunga nyumba ya mamilioni. Mwalimu naye asikubali kupokea jengo kwa kutazama rangi yake. Afungue bomba, awashe moto, amwage ndoo ya maji katika sinki, asubiri aone yanakokwenda.

Siku mtoto wa Tangini atakapodondosha asidi katika chupa yake na kuiona rangi ikigeuka mbele ya macho yake, hatauliza kuta zilijengwa na nani wala zilizinduliwa lini. Atauliza kwa nini rangi imegeuka. Swali hilo ndilo lililojengewa nyumba.